Miezi 167: Kisa cha mwalimu aliyevuka Holili

Aliingia ofisini kwetu Kaloleni, hapa Arusha, Jumatatu moja ya Februari 2025, kashika bahasha ya kaki iliyochakaa pembe. Alivuta kiti, akatoa karatasi ya mtihani wa Hisabati wa kidato cha pili, akaigeuza upande wa nyuma uliokuwa mtupu na kunionesha hesabu aliyoifanya kwa kalamu nyekundu: 77 + 90 = 167. Chini yake kaandika 180, miezi ya michango inayotakiwa ili mtu apate pensheni, kaizungushia duara mara mbili.

“Kaka wakili,” akaniambia, “nimebakiza miezi kumi na mitatu. Nikailipie wapi?”

Mimi si wakili, ni msaidizi wa kisheria, ila nimeshaacha kuwasahihisha watu. Nilimuuliza hiyo 77 ni ya wapi. Akasema ya Kenya. Na 90? Ya kwenu huku. Hapo nikajua asubuhi imekwisha, kwa sababu hesabu yake ilikuwa sahihi na hapakuwa na dirisha hata moja, Nairobi wala Arusha, la kuipokea.

Nitamwita Madam. Ndivyo alivyoitwa na wanafunzi, wazazi na mlinzi wa geti kwa zaidi ya miaka kumi. Shule zake sizitaji.

Alikopita

Madam ni mzaliwa wa Taveta. Kwa mtu wa Taveta, Moshi iko karibu kuliko Voi, na soko, hospitali na nusu ya ukoo viko ng’ambo. Alisomea stashahada ya ualimu, akaanza kufundisha shule ya binafsi upande wa Kenya Agosti 2005. Siku hizo mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kenya ulikuwa shilingi 200 za mfanyakazi na 200 za mwajiri kwa mwezi, hata kama mshahara ungekuwa mnono namna gani. Hadi Desemba 2011 alikuwa na miezi 77. Ukizidisha unapata shilingi 30,800 za Kenya kabla ya faida. Kanuni hiyo ilikuja kubadilika Februari 2023, michango ikapanda kuwa asilimia 6 kila upande, lakini yeye alikuwa ameshatoka kwenye ajira.

Januari 2012 alivuka Holili kwenda kufundisha shule moja ya Moshi, zile tunazoziita Inglishi midiamu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilikuwa na mwaka mmoja na nusu tangu ianze kutumika, Julai 1, 2010, na magazeti yalikuwa yameandika sana kwamba sasa mfanyakazi yuko huru. Shule ilimshughulikia kibali cha miaka miwili, kikahuishwa mara moja. Miezi 48. Kwenye taarifa ya michango yake ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, inaonekana 46. Novemba na Desemba 2015 ni sifuri.

Mwaka huo wa 2015 ndipo ilipokuja sheria mpya ya kuratibu ajira za wasio raia, na kibali cha kazi kikawa kwa Kamishna wa Kazi, mbali na kile cha ukaazi kinachotolewa na Uhamiaji. Shule ilitakiwa iombe upya, ikaona gharama na usumbufu. Haikumwachisha kazi wala haikumwombea kibali. Ilimwita “mwalimu wa kujitolea” na kumtumia kila mwisho wa mwezi kitu kinachoitwa nauli, kwa simu.

Pasipoti yake ya wakati huo ninayo kwenye faili. Fungua ukurasa wa 14 hadi wa 21 utaona mihuri ya Holili imepandana kama vigae: kuingia, kutoka, kuingia. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hupewa hadi miezi sita ya kukaa, lakini ni ukaaji wa mgeni, si wa mwajiriwa, na Madam alikuwa na hofu, kwa hiyo alikuwa akitoka kila baada ya wiki chache ili asionekane amekaa. Miezi 18 ya namna hiyo, kuanzia Januari 2016 hadi Juni 2017. Haionekani kwenye mfuko wowote. Hata yeye kwenye karatasi yake nyekundu hakuihesabu, na nilipomuuliza kwa nini, alitazama chini akasema, “Ile si ya kuonesha mtu.”

Julai 2017 alipata kazi sekondari ya binafsi hapa Arusha. Mwalimu wa Hisabati. Sheria ya 2015 inawaweka walimu wa sayansi na hisabati kwenye daraja B, kundi la fani zinazohitajika. Shule ilifanya mambo kwa utaratibu safari hii. Mkataba, kibali, namba ya mwanachama ileile. Alifundisha hadi Juni 2022, miezi 60 kamili, kisha akaambiwa ukomo wa kibali umefika. Akarudi Taveta, ambako hadi leo anafundisha masomo ya jioni sebuleni kwake, watoto kumi na wawili kwa siku, hana mwajiri.

Kwenye taarifa ya michango, hiyo miezi 60 ya Arusha inasomeka 44. Nitairudia hiyo 16 iliyopotea, maana ndiyo iliyokuwa na mlango.

Miaka mitano haizai kumi na mitano

Kwanza tumalize swali lake la asubuhi ile.

Pensheni ya uzee ya NSSF Tanzania inataka miezi 180 ya michango, yaani miaka 15. Kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60. Anayefika umri huo bila kutimiza 180 hapati pensheni ya kila mwezi. Hupewa malipo ya mkupuo mara moja, basi. Sharti hilo halibagui. Mchaga wa Marangu na Mtaveta wote wanasubiri 180.

Sasa chukua sheria nyingine uiweke pembeni yake. Sheria ya ajira za wasio raia, ilipotungwa 2015, ilisema kibali ni cha hadi miezi 24, kinaweza kuhuishwa, lakini jumla ya muda wote isizidi miaka mitano, isipokuwa kwa wawekezaji wa aina fulani. Hata ukimwongezea mtu miaka miwili mitatu ya hisani juu ya hapo, hufiki 15. Kwa maneno mengine, mgeni aliyefuata sheria zote mbili bila kukosea hata nukta, amekatwa asilimia 10 ya mshahara na mwajiri kumwekea 10 nyingine, anachangia pensheni ambayo sheria ya kibali imeshahakikisha hataipata. Sidhani kuna mtu alikaa akapanga iwe hivyo. Wizara moja iliandika ukurasa wake na nyingine ukurasa wake, na hakuna aliyezisoma kwa pamoja akiwa amevaa viatu vya mwalimu.

Itifaki yenyewe inasemaje? Ibara ya 10 inampa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki ya kuomba kazi, kukaa kwa ajili ya kazi, kujiunga na chama cha wafanyakazi, na katika aya ya 3(f), kupata haki na mafao ya hifadhi ya jamii kama wanavyopewa wafanyakazi wa nchi mwenyeji. Maneno hayo ukiyasoma haraka ni mazuri sana. Yasome taratibu: kama wanavyopewa wafanyakazi wa nchi mwenyeji. Ni usawa wa ndani ya nchi moja. Mtanzania mwenye miezi 90 naye hana pensheni, kwa hiyo Madam hajabaguliwa. Tofauti ni kwamba Mtanzania ataamka kesho aendelee na mwezi wa 91, na Madam kibali kimekwisha. Hakuna mahali katika aya hiyo panaposema miezi ya nchi moja itaungwa na ya nchi nyingine.

Waliotunga walijua kuna shimo hapo. Aya inayofuata, ya 4, inalitaka Baraza la Mawaziri la Jumuiya litoe maelekezo na kanuni kuhusu mafao hayo. Zaidi ya miaka 15 imepita tangu Itifaki ianze. Mfanyakazi anayekuja kaunta akiwa na taarifa mbili za nchi mbili bado anaambiwa kila moja isomwe kivyake.

Madam alipata jambo hili haraka kuliko mawakili niliowahi kulieleza. “Kwa hiyo,” alisema, “Itifaki imenipa haki ya kuwa Mtanzania kwa miaka mitano.”

Kinachovuka mpaka ni miezi

Watu wengi wakisikia kuunganisha michango wanadhani fedha zitabebwa kutoka Nairobi kuja Dar es Salaam, na hapo hapo wanaanza kuuliza za thamani ya siku gani. Maofisa nao hujificha nyuma ya ugumu huo: mfuko wa Kenya ni akaunti ya akiba, mwanachama anapewa alichoweka na faida yake, wa Uganda vilevile, mwajiri asilimia 10, mfanyakazi 5, unachukua chako chote ukifika 55, wa Tanzania unahesabu miezi na mshahara, kisha unalipa pensheni hadi mtu afe. Utaunganishaje debe na rula?

Huunganishi. Palipo na mikataba ya aina hii duniani, fedha hazitoki zilipo. Zinazovuka ni taarifa za vipindi. Nchi A inaiuliza nchi B: huyu alichangia kwenu miezi mingapi? Inajumlisha ili kuona tu kama amevuka kizingiti. Akivuka, kila nchi inalipa kipande chake kwa kadiri ya miezi iliyopokea yenyewe. Tanzania isingelipa hata senti moja kwa ajili ya miezi 77 ya Kenya. Ingeitambua tu, kama shule inavyotambua kwamba mtoto aliyehamia kidato cha tatu alishasoma cha pili kwingine.

Kwa Madam, ingekuwa hivi. Miezi 167 haifiki 180, kwa hiyo hata mkataba huo ungekuwapo leo, kwa taarifa alizokuja nazo angekosa. Hili lilimkata maini, lakini nililazimika kumwambia. Kisha nikachukua ile karatasi ya mtihani nikaongeza mstari: 77 + 48 + 60 = 185. Hiyo ndiyo miezi aliyofanya kazi akikatwa. Tofauti kati ya 185 na 167 ni miezi 18 (si ile ya kujitolea, ni miwili ya Moshi na 16 ya Arusha), na hiyo haikumezwa na mpaka wowote. Ilimezwa na waajiri wake wawili.

Nasema hivi kwa sababu katika mazungumzo yetu kuhusu Jumuiya tuna tabia ya kuupa mpaka lawama zote. Mpaka una zake. Lakini Madam alikuwa na mashimo mawili, na moja lilichimbwa hapa hapa mjini, na mtu anayemjua kwa jina.

Mjomba na reli

Niruhusiwe kupinda kidogo.

Mjomba wangu alikuwa karani wa mizigo wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, stesheni ya Moshi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alihamishiwa Voi. Alipanda treni iliyopita Taveta, kwa njia ileile iliyojengwa wakati wa Vita ya Kwanza, akashuka akaripoti, akaendelea na kazi. Hakuomba kibali. Namba yake ya ajira ilikuwa ileile, nyumba ya shirika, matibabu ya shirika, na utumishi wake ukaendelea kuhesabiwa bila kukatika. Baadaye alirudishwa Tabora, hivyo hivyo. Makao makuu ya reli yalikuwa Nairobi, ya bandari Dar es Salaam, ya posta na simu Kampala, na ya Jumuiya yenyewe, ile ya kwanza, hapa Arusha.

Kinga ya mjomba ilivuka mpaka kwa sababu mwajiri wake mwenyewe alikuwa amevuka mpaka. Jumuiya ile ya 1967 haikuwa na ibara nzuri kuhusu uhuru wa wafanyakazi kuzidi ya sasa. Ilikuwa na mwajiri mmoja na daftari moja la utumishi. Ya sasa imegeuza mambo: mfanyakazi ndiye anayevuka, mwajiri na mfuko wanabaki nyuma ya geti.

Daftari moja lina ubaya wake pia. Jumuiya ilipovunjika 1977 na Tanzania kufunga mpaka na Kenya hadi Novemba 1983, daftari lilibaki halina mwenyewe. Makubaliano ya usuluhishi yaliyotiwa saini Mei 1984, baada ya kazi ndefu ya mwanadiplomasia wa Uswisi Victor Umbricht, yaligawa mali na madeni, na katika pensheni yakasema kila nchi iwalipe raia wake. Ukiyasoma kwenye karatasi, suala lilikwisha hapo. Kwa wazee wa Tanzania lilikuja kufika Mahakama Kuu, na hati ya maridhiano na serikali ilipatikana Septemba 2005, miaka 28 baada ya Jumuiya kufa, na hata hapo malalamiko hayakuisha. Wengi mnawakumbuka, wazee wa iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wameketi chini Dar es Salaam na fimbo zao.

Nilimsimulia Madam hayo. Alicheka, mara ya kwanza asubuhi ile. “Basi mimi bado sana,” akasema. “Nina miaka mitatu tu.”

Tulichofanya

Njia zilikuwa nne, na tatu tuliziacha.

Ya kwanza, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali yanafunguliwa ndani ya siku 30, mengine ndani ya 60. Tulikuwa tumechelewa zaidi ya miaka miwili na nusu. Unaweza kuomba kuongezewa muda, ila lazima ueleze kila siku ya kuchelewa, na “sikujua” si maelezo.

Ya pili, kudai ile miezi 18 ya Moshi ya kujitolea. Hapa nilimshauri aachane nayo, na sikufurahi kumshauri. Mahakama zetu zimewahi kuamua kwamba mkataba wa ajira wa mgeni asiye na kibali hautekelezeki. Matokeo yake ni kwamba mwajiri aliyevunja sheria kwa kutoomba kibali ndiye anayelindwa na kukosekana kwa kibali hicho. Anayekaa gizani ni mfanyakazi, na taa iko mkononi mwa bosi. Kama kuna kifungu kimoja ningepewa nibadilishe leo jioni, ni hicho, kabla hata ya kuunganisha pensheni: mshahara na michango ya kazi iliyokwisha kufanyika idaiwe bila kujali kibali, na adhabu ya kibali iende kwa aliyepaswa kukiomba.

Ya tatu, Mahakama ya Afrika Mashariki. Iko hapa hapa Arusha, na mtu binafsi anaweza kuifikia moja kwa moja bila kupitia kwanza mahakama za nchi yake. Imewahi kuuma: mwaka 2013 iliamua dhidi ya Uganda katika shauri la Samuel Mukira Mohochi, Mkenya aliyezuiwa kuingia Entebbe. Lakini shauri linatakiwa lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu tendo lilipofanyika au lilipojulikana, na mahakama hiyo imekuwa kali sana kwenye saa. Madam alikaa miaka mitano akifundisha vipeo mjini humu na hakuwahi kuambiwa kuwa jengo lile la makao makuu ya Jumuiya lina mlango wake.

Ya nne ndiyo tuliyoishika: hati za mshahara.

Alikuwa nazo zote. Hapa nampa Madam heshima yake, maana watu kumi wakija ofisini kwetu, tisa hawana hata moja. Tulizipanga mezani kwa mwezi. Mshahara ghafi 620,000, makato ya NSSF 62,000, imeandikwa wazi. Halafu tukaweka taarifa ya michango kando. Machi 2020, ipo. Aprili, Mei, Juni 2020, hakuna. Ndiyo miezi shule zilipofungwa kwa Korona, wakalipwa nusu mshahara, na hati zinaonesha 31,000 imekatwa kila mwezi. Julai na Agosti zipo. Kisha kuanzia Septemba 2020 hadi Septemba 2021, miezi 13 mfululizo, hakuna kitu, na kila hati inasema 62,000 imekatwa.

Mwalimu wa Hisabati alipiga hesabu kichwani kabla sijawasha simu. Miezi mitatu ya nusu mshahara, pande zote mbili, ni 186,000. Miezi 13 ni 1,612,000. Jumla 1,798,000, na nusu yake, 899,000, ni fedha yake mwenyewe iliyotoka mfukoni mwake ikaishia njiani. Hiyo ya nusu ya pili tunaweza kuiita deni la mwajiri. Ya kwanza ina jina jingine, wasomaji mnalijua.

Michango ambayo haikuwasilishwa inadaiwa na mfuko wenyewe, si lazima mwanachama aende mahakamani. Tukaandika barua ya kurasa mbili, tukaambatanisha hati 16 na taarifa ya michango, akaipeleka mwenyewe. Mwezi Aprili ukaguzi ulifanyika, shule haikubisha sana. Ilisema ilikuwa kipindi kigumu, ada hazikulipwa. Naamini ni kweli. Ila kipindi kilikuwa kigumu kwa mwalimu pia, na hakukata fedha ya mtu. Wakakubaliana kulipa kwa awamu.

Ile miezi miwili ya Moshi hatukufika mbali. Shule imebadili mwenye mali, na hati za Novemba na Desemba 2015 hakuwahi kupewa.

Upande wa pili wa geti

Aliyechukua nafasi ya Madam darasani ni kijana wa Rombo, mhitimu wa chuo kikuu, aliyekaa nyumbani miaka minne akiuza kuku. Simwonei Madam huruma kiasi cha kumsahau huyo. Tanzania ina maelfu ya walimu waliohitimu na hawana ajira, na katika majedwali ya Itifaki, yanayoorodhesha kazi ambazo kila nchi inawafungulia raia wa nchi nyingine, nchi yetu ilifungua milango kwa tahadhari kuliko Kenya na Rwanda. Nchi hizo mbili na Uganda zilikubaliana hata kutotozana ada ya vibali, sisi hatukuingia. Julai 2025 ikaja amri ya kuzuia wasio raia kufanya biashara 15, zikiwamo saluni, rejareja, kutengeneza simu na, kwa sisi wa mji wa safari za wanyama, kuongoza watalii. Kenya ililalamika. Vijana wengi wa hapa waliishangilia, na ninaelewa kwa nini.

Lakini angalia mambo mawili yanavyochanganywa. Nani apewe kazi ya kesho ni swali la sera, na serikali yoyote italijibu kwa kuangalia wapiga kura wake. Kazi ya jana imeshafanyika. Kijana wa Rombo hapati chochote kwa sababu miezi 90 ya Madam imelala haina maana, nafasi alishaipata. Na akipata kesho kazi Nairobi, kama wanavyopata Watanzania wengi, atakutana na shimo lilelile kutoka upande wa pili. Achilia mbali wasiojua hata kama kuna mfuko: dada zetu wanaosuka na kufanya kazi za ndani Nairobi, na vibarua wanaovuka Tarakea kwenda kuvuna nyanya Loitokitok na kurudi jioni. Hao hawana hati ya mshahara ya kupanga mezani. Itifaki inamzungumzia mtu mwenye mkataba.

Watanzania tunajua kupigania pensheni. Kikokotoo cha mwaka 2018, kilichotaka mstaafu apewe kwa mkupuo asilimia 25 tu ya mafao yake, kilizua kelele hadi kikasitishwa, na kile cha 33 cha 2022 hakikupokewa kwa vigelegele. Madam aliwahi kuniambia anawaonea wivu wanaogombana na kikokotoo. Kwake kikokotoo ni chumba cha ndani. Yeye yuko barazani.

Nilichomshauri mwishoni ni kidogo kuliko alichostahili. Akiba ya Kenya aiache huko na aanze kuchangia mwenyewe kwa hiari. Ya Tanzania asiiguse hadi afike umri, kwa sababu kati ya sasa na miaka yake 60 kuna miaka 15, ana miaka 45 leo, na Baraza la Mawaziri linaweza likaamka. Likiamka, miezi iliyomo kwenye taarifa ndiyo itakayojumlishwa. Ambayo haimo haitakumbukwa na mtu.

Septemba alinitumia picha ya skrini ya simu kutoka Taveta. Mstari wa Aprili 2020, uliokuwa na sifuri, sasa unasoma 62,000. Chini ya picha kaandika: “91. Kaka wakili, ile karatasi yangu ya mtihani usiitupe.”

Iko kwenye faili, pamoja na pasipoti ya mihuri.